Ujumbe wa Mtoto Umefika kwa Nani?

Mwezi huu tunaanza na jirani yetu mmoja wa hapa Marangu. Hatutamtaja jina, kwa kuwa tulimwomba ruhusa ya kusimulia habari yake tu. Ni bibi aliyepita miaka sabini, na analea mjukuu wa kike ambaye mama yake anafanya kazi Dar es Salaam. Mtoto aliletwa huku mlimani akiwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Kadi yake ya kliniki ilikuja naye ndani ya bahasha, pamoja na nguo zake na kopo la maziwa.

Bibi aliiweka kadi ile mahali salama, yaani chini kabisa ya sanduku. Mtoto alikuwa mzima. Alikula mtori, alicheza na mbuzi, alinenepa. Miezi ikapita. Kisha siku moja mtoto akashikwa na kikohozi, na bibi akambeba mgongoni hadi zahanati moja ya huku kwetu. Muuguzi akaomba kadi, akaisoma mara mbili, akasema, "Bibi, mtoto huyu ana miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Sindano yake ya surua ya mwezi wa kumi na nane iko wapi?"

Bibi akajibu, "Mwanangu, hakuna aliyeniambia."

Muuguzi akachukua kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kushika mkononi, akamtafuta mtoto. Akampata. Jina lilikuwepo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo, chanjo za Dar es Salaam zote zilikuwemo, na namba ya simu pia ilikuwemo. Akaipiga. Namba ilikuwa ya baba, na baba alikwisha kubadili laini siku nyingi. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa sawasawa, isipokuwa habari za mtu anayembeba mtoto mgongoni.

Tumekaa na habari hiyo kwa majuma kadhaa. Siku hizi kuna wataalamu wengi wanaotengeneza programu za simu na kompyuta kwa ajili ya afya ya watoto wetu, na baadhi ya kazi hizo zimefanyika hapa hapa Kilimanjaro. Ni kazi njema, na tutaeleza kwa nini. Lakini swali la bibi yule lazima liulizwe mapema, kabla kifaa hakijaletwa: Je, ni nani hasa anayemlea mtoto huyu, na ujumbe utamfikia kwa njia gani?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wengi wetu tuliozaa zamani tunaikumbuka rejesta ya kliniki, lile daftari kubwa lenye mistari. Akina mama arobaini wamekaa kwenye benchi, watoto wanalia, mzani unaning'inia, na muuguzi mmoja anafunua kurasa kulitafuta jina la mtoto aliyeandikishwa miezi tisa iliyopita. Asipolipata anaandika upya, na mtoto mmoja anakuwa wawili. Mtoto aliyehamia wilaya nyingine hakujulikana kama alichanjwa huko au alipotea. Mwisho wa mwezi muuguzi yule yule alikaa usiku kuhesabu vijistari apate kupeleka taarifa wilayani. Tukisema wauguzi walikuwa wakali, tukumbuke na daftari lile.

Mwaka 2013 ulianza mpango ulioitwa BID, ukiongozwa na shirika la PATH pamoja na serikali za Tanzania na Zambia. Kusudi lake lilikuwa kurekebisha taarifa za chanjo. Kwa upande wa Tanzania kazi ilianzia mkoa wa Arusha, ikaja Tanga na kwetu Kilimanjaro. Jambo lililotupendeza katika mpango huo ni kwamba wauguzi wenyewe waliitwa wakae na watengenezaji, waseme kinachowasumbua na wajaribu kifaa kabla hakijasambazwa. Matunda yake ni rejesta ya chanjo ya kompyuta. Muuguzi anamwandikisha mtoto mara moja, kishikwambi kinamwonyesha ni chanjo gani inafuata, na kinamtolea orodha ya watoto ambao tarehe yao imepita bila kuonekana. Mahali pasipo na mtandao huandika tu, na taarifa husafiri baadaye mtandao ukirudi.

Kwa nini hili ni kubwa kwa watu wa mlimani? Kila mwenye nyumba hapa anajua mwezi wa Desemba ulivyo. Watoto wetu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi, magari yanajaza barabara ya kupanda kutoka Himo, na kila kihamba kinapata wageni wadogo. Januari magari yanashuka, lakini si watoto wote wanaoshuka nayo. Baadhi wanabaki kwa bibi. Daftari la karatasi la Dar es Salaam haliwezi kupanda mlima, lakini taarifa iliyo kwenye kompyuta inaweza. Ndivyo mjukuu wa jirani yetu alivyopatikana.

Tusifiche na upande wa pili. Watafiti waliofuatilia mpango huu walikuta vituo vikiendelea kuandika kwenye karatasi na kwenye kishikwambi pia, kwa sababu taarifa za karatasi ziliendelea kudaiwa. Muuguzi aliyeahidiwa kupunguziwa mzigo akajikuta na mizigo miwili. Mtu akizidiwa huchagua, na mara nyingi kinachoachwa ni kile kipya. Ninyi mnaoendesha nyumba mnalijua jambo hili vizuri. Ukiletewa jiko jipya lakini la zamani nalo lazima liwake, kuni zitaisha upesi zaidi.

Kwa kuwa wapo watakaouliza sababu ya sindano ya pili, tueleze kidogo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya kwanza huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100. Waliobaki hawaonekani kwa macho, wala mama hawezi kujua kama wa kwake yumo, na ndiyo maana ya sindano ya pili. Tena dawa hiyo ikishachanganywa ndani ya chupa haifai kutumika baada ya saa sita, hivyo vituo vingi hupanga siku maalumu ya kufungua chupa ili isimwagwe. Bibi aliambiwa arudi Jumanne. Kikohozi chepesi hakizuii chanjo. Siku ya chupa ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Kwa mwenye magoti ya miaka sabini, kushuka na kupanda mara mbili kwa juma si jambo dogo, na hatujaona kifaa kinacholikumbuka.

Sasa tutoke kidogo mlimani, tuone wenzetu walijaribu nini, maana si chanjo peke yake iliyoingizwa kwenye kompyuta.

Kuna mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika miaka ya 1990. Unamtaka mganga asiangalie kikohozi tu, bali amwangalie mtoto mzima: anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu. (Akina mama, jambo hili mnaweza kulifanya nyumbani kwa saa ya ukutani, mtoto akiwa ametulia. Halihitaji kompyuta.) Mwongozo ni mzuri, lakini umo kitabuni, na mganga mwenye foleni ndefu huruka kurasa.

Huko Mtwara, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 uliweka mwongozo huo ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi, ikamwongoza mganga swali kwa swali. Waganga walikuwa wachache tu, lakini matokeo yalionekana. Bila kifaa walifanya kama 61 katika kila vipimo na maswali 100 yanayotakiwa. Wakiwa nacho walikaribia 85, na muda wa kumhudumia mtoto mmoja haukuongezeka sana.

Miaka mingi baadaye kazi ya namna hiyo ilifanyika kwa upana katika mikoa ya Mbeya na Morogoro. Vituo 40 vilishirikishwa. Nusu yake vilipewa kishikwambi chenye mwongozo, pamoja na kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ya damu na vipimo vingine vidogo. Matokeo yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2023. Katika vituo vya kawaida, kati ya watoto 100 waliokuja wakiumwa, 70 waliandikiwa antibayotiki. Katika vituo vyenye kifaa walikuwa 23. Na watoto hawa hawakupona vibaya kuliko wale.

Hebu tusimame hapo. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumemnung'unikia mganga aliyemrudisha mtoto bila chupa ya dawa? Tunasema, "Hakunipa hata dawa." Kumbe wengi wa watoto wale hawakuihitaji, na dawa inayonyweshwa ovyo inafundisha vijidudu kuizoea, hata siku inapohitajika kweli haitibu. Hapa kifaa kimemsaidia mganga kusema hapana kwa ujasiri. Lakini tunajiuliza, je, mama amesaidiwa kuipokea hapana hiyo? Anarudi nyumbani mikono mitupu, mama mkwe anauliza dawa iko wapi, jioni anakwenda dukani kununua vidonge mwenyewe. Skrini inayomwongoza mganga ingefaa imgeukie na mama kidogo, imwonyeshe idadi ya pumzi na oksijeni ya mwanawe, imwambie dalili za kumrudisha mtoto upesi. Aende nyumbani na neno, kama hakwenda na dawa.

Kwa upande wa wazazi wenyewe, wengi mtakumbuka kampeni ya Wazazi Nipendeni iliyoanza Novemba 2012. Mama mjamzito aliandika neno "mtoto", akalituma namba 15001 bila malipo, akaanza kupokea ujumbe mfupi kulingana na umri wa mimba, na baadaye umri wa mtoto. Uliletwa kwa Kiswahili na haukula vocha. Tunaisifu kwa hayo mawili, kwa sababu programu nyingi nzuri zimekufa kwa kumdai mama salio. Na jambo la tatu ni kwamba baba naye aliweza kujiandikisha, na hata mtu mwingine wa kumsaidia mama. Mtu aliyeliweka hilo tunadhani alikaa na familia zetu akaziangalia.

Zanzibar walitumia njia nyingine. Hawakumtegemea mama awe na simu. Mhudumu wa afya wa kujitolea ndiye aliyepewa simu yenye programu, akapita nyumba kwa nyumba, akaongozwa la kuuliza na la kuangalia kwa mjamzito na kwa mtoto. Mpango huo unaitwa Jamii ni Afya, na mwaka 2021 ulikuwa umefika visiwa vyote. Huko simu inakwenda kwa bibi, na bibi haifuati simu.

Tulipozungumza juu ya mambo haya katika kikundi chetu cha akina mama, baada ya kazi za shamba, tuliulizana tungependa nini kama mtengenezaji angekuja kukaa nasi kwenye kigoda. Mazungumzo yalikuwa marefu na yenye vicheko, na tunayaandika kama tulivyoyasikia.

Mmoja alisema simu yake ni ya kitochi, na maandishi yake hawezi kuyasoma bila miwani, na miwani ilivunjwa na mjukuu. Anataka isikike sauti, tena sauti ya mtu mzima anayesalimia kwanza. "Simu isiyosalimia mimi naikata," alisema, na wote tukakubali. Mwingine alisema ujumbe usije asubuhi, kwa kuwa asubuhi tunakata majani ya ng'ombe na simu iko nyumbani. Uje jioni, baada ya kukamua. Wa tatu alisema ikitajwa tarehe peke yake yeye hupotea. Itajwe siku ya juma, na ikiwezekana siku hiyo ilingane na siku ya soko, maana akishuka sokoni na mtoto anampitisha kliniki kwa nauli ile ile.

Kisha mama mmoja, ambaye hazungumzi sana, akauliza: "Na kama simu si yangu?" Pakawa kimya. Wengi wetu tunatumia simu moja nyumba nzima. Ujumbe wa mtoto husomwa na mume, shemeji, mtoto wa shule anayechezea simu, na jirani anayetuchajia. Ujumbe wa chanjo hauna neno. Lakini kuna magonjwa ambayo ujumbe wake ukisomwa na mwingine unaweza kuvunja nyumba. Hapa Moshi, watafiti wa taasisi ya KCRI iliyoko KCMC walijaribu kisanduku cha dawa chenye laini ya simu ndani yake, kwa watu wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Kisanduku kikifunguliwa hupeleka taarifa, na ujumbe wa kumkumbusha mtu huja kwenye simu yake. Chombo cha akili kabisa. Lakini fikiria mama anayeishi na wifi zake, anaulizwa kila siku kisanduku hicho ni cha nini. Mtengenezaji wa namna hiyo anapaswa kumuuliza mama kwanza maneno gani yaandikwe na yapi yasiandikwe kamwe. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya zinahesabiwa kuwa habari nyeti. Mama anayo haki ya kuuliza pale dirishani, "Mwanangu, haya unayoandika yanakwenda wapi, na nani anayasoma?" Aulize kwa upole, lakini aulize.

Tuliona pia tusiwangoje watengenezaji kwa mambo yaliyo mikononi mwetu. Mama anayemwacha mtoto kwa bibi, kadi isiwe kama nguo moja katika begi. Akae na bibi usiku mmoja, amwonyeshe tarehe iliyobaki, na kabla hajapanda basi waende wote wawili kliniki namba ya simu ibadilishwe. Ziandikwe namba mbili: ya bibi, na ya jirani au mjukuu mkubwa aliye karibu. Ukibadili laini, kliniki wajue kama unavyowajulisha wadeni wako (au pengine zaidi, maana wadeni tunawajulisha kwa kuchelewa). Na yale matangazo yanayosomwa kanisani baada ya ibada, ya kliniki na siku ya chupa, yaendelee kusomwa kwa sauti. Bibi yetu hakosi ibada. Hakuna mtandao unaomfikia kwa uhakika kama ule.

Jambo moja bado linatusumbua, wala hatuna jibu lake. Orodha ya watoto waliochelewa ipo ndani ya kishikwambi. Muuguzi anaiona. Lakini nani atapanda hadi kwenye nyumba ya mwisho juu ya mfereji, akiwa muuguzi ni mmoja na foleni inamngoja? Kompyuta imetuonyesha mtoto aliyekosekana, na sasa hatuwezi kusema hatukujua. Zanzibar waliweka mtu wa kupita nyumba kwa nyumba. Hapa kwetu wako wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini pale orodha isipowafikia mikononi, inabaki kung'aa kwenye kioo.

Bibi alishuka Jumanne ile kama alivyoambiwa. Alimkuta muuguzi yule yule, na mtoto akachomwa, akalia, akapewa ndizi. Muuguzi akafuta namba ya zamani, akauliza, "Bibi, niandike namba ya nani?" Bibi akatoa kitochi chake kwenye pindo la kanga, akakikabidhi, kwa sababu namba yake mwenyewe haijui kichwani. Muuguzi akajipigia, akaipata. Kwa namba ya pili bibi akamtaja kijana wa jirani anayesoma sekondari, yule anayemsomea ujumbe wa mwanawe kutoka Dar es Salaam.

Akina mama mnaolea wajukuu, au mlioacha watoto kwa mama zenu, tuandikieni mtueleze namba iliyoandikwa kwenye kliniki ya mtoto ni ya nani.